Maji Yasiyonywewa Hurudi

Simpendi Mwanaima binti Kaimu. Naanza na hilo, msije mkasema baadaye kwamba Kipriani mpishi alikuja hapa lamboni kumsifia mtu. Sikuja kusifia. Nimetembea saa nzima kutoka Nachingwea kwenye jua hili, mgahawa wangu nimeufunga, na wateja wangu wa chai sasa hivi wananitukana. Nimewakuta wote mko hapa na madebe yenu, vizuri sana, mtanisikiliza. Mwenyewe yule kule ndani ya maji, kajifunga kanga kiunoni, anang'oa majani kama alivyong'oa jana na juzi na miaka sita yote hii. Anajifanya hanisikii. Ndivyo alivyo, na ndiyo maana simpendi.

Habari zake mnazijua nusu, tena nusu iliyo mbovu. Wengine mliolewa huku juzi tu. Wengine mlikuwepo lakini mlikuwa mnaangalia upande mwingine. Basi mimi nitaanza mwanzo, na anayetaka kuchota aendelee kuchota, masikio hayachoti.

Lambo hili lilichimbwa na bibi zake upande wa mama, kwa majembe na kwa mikono. Baba yake, mzee Kaimu, alikuwa mtu wa Ruangwa aliyekuja kuoa hapa Chiola akakaa ukweni, kama tufanyavyo sisi Wamwera. Kata ya kuchotea ikatoka kwa bibi ikaenda kwa mama, mama alipofariki ikaja kwake, naye hajafika hata miaka ishirini na mitano. Mwenye kata ndiye anayesema maji yaanze kuchotwa lini, nani atangulie, jani gani ling'olewe na lipi liachwe lisafishe maji. Kata aliipata asubuhi, kiburi akakipata kabla ya adhuhuri. Waulizeni waliokuwepo. Mtu akinawa miguu ukingoni alitukanwa yeye na waliomzaa.

Na ile sheria yake, hiyo mnaijua wote, maana aliwapigia kelele mpaka ikaingia damuni. Kiangazi kikianza, maji ya lambo hayamwagwi chini. Ukinywa, umekunywa. Ukipikia, umepikia. Ukioshea mtoto, sawa. Lakini maji uliyoyachota ukayaweka tu bila kuyatumia, hayo unayarudisha. "Maji yasiyonywewa hurudi," ndivyo alivyosema, na kabla yake mama yake, na kabla yake bibi yake. Mimi niliposikia mara ya kwanza nilicheka sana. Sasa sicheki.

Mimi ni mtu wa Mnero. Nimefundishwa upishi jikoni kwa mapadri, na ulipokuja mradi wa karanga wa wazungu, nikaja Nachingwea kutafuta kazi kama kila mtu mwenye miguu. Mnakumbuka siku zile: katapila usiku na mchana, mahema, vumbi, ndege zinatua. Mwaka wa arobaini na tisa nilikuwa mpishi wa mzungu tuliyempa jina la Bwana Mistari, kwa sababu alikuwa mpima ardhi. Kazi yake ni kuchora mistari kwenye ramani, na katapila hufuata mstari. Akichora leo, wiki ya pili ukienda hukuti hata kisiki.

Mkewe, Memsahibu, alikuwa na tangi la kioo la kufugia samaki. Lilikuja limefungwa mablanketi manne, na mimi ndiye niliyelipokea, na laiti ningeliangusha. Samaki wenyewe ni wale wadogo wa rangi tunaowaona kwenye vidimbwi vya njia ya Ruangwa mvua zikikata. Hawatoshi hata kijiko. Nikamwuliza, "Memsahibu, hawa wataliwa lini?" Akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe ni wa kutazamwa tu.

Halafu akaniambia, kwa Kiswahili chake kile, "Kipriani, tafuta majani ya maji. Majani napatana. Hapana gombana." Yanayopatana! Mimi nilijua watu hupatana, mbwa hupatana, jani ni jani. Nikasema ndiyo Memsahibu. Jumapili baada ya misa nikaja hapa hapa, sikukuta mtu, nikang'oa kila kilichonipendeza. Yungiyungi lenye ua nikang'oa na mzizi wake wote. Matete nikakata. Nikarudi, nikatia chini ya tangi udongo mzuri wa bustani yangu, na kwa kuwa nilitaka yastawi haraka, nikauchanganya na samadi ya mbuzi. Kabichi zangu nilizilima hivyo hivyo, na kabichi zangu zilisifiwa na wazungu watatu. Nikaweka tangi dirishani lipate jua.

Siku ya tatu maji yakawa kijani. Siku ya tano yakawa mazito, yananuka. Siku ya sita samaki wote wakaelea matumbo juu, na Memsahibu akalia kama aliyefiwa.

Siku ile ile ndipo alipoingia huyu, binti Kaimu. Sikusikia hodi. Nilisikia kitu kizito kimeanguka, puu, na nilipogeuka nikakuta mzizi wa yungiyungi, na tope lake, juu ya sakafu niliyotoka kuipiga deki. Na mlangoni kasimama mwanamke mwembamba, kanga mbovu, macho makavu.

"Nani kang'oa yungiyungi langu?"

"Wewe ni nani?" nikasema.

"Nimeuliza mimi kwanza. Mzizi huu nimeuokota njiani, umeudondosha, na nyayo zako zina viatu. Chiola nzima hakuna mwenye viatu."

Nikamwambia atoke jikoni kwangu kabla sijamwita askari. Akanipita. Mimi, mpishi wa Bwana, akanipita kama kinu! Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye tangi, akachovya kidole, akanusa.

"Umetia samadi," akasema. "Ebo! Wewe mtu mzima unawapikia samaki mavi ya mbuzi?"

Memsahibu akatoka chumbani. "Nasema nini yeye?" Nikajibu anaomba kazi ya kufua. Huyu akasema, "Mwongo," akamwonyesha kwa kidole samadi, kisha jua, kisha samaki waliokufa, na yule mzungu akaelewa kila kitu bila mkalimani. Mlishaona? Dakika tano tu, na mimi nimeshakuwa mjinga nyumbani kwangu mwenyewe.

Nikataka kumwumiza. Nikamwambia, "Una maneno mengi juu ya lambo lako. Lambo lenyewe lina wiki tatu. Ramani iko pale barazani, mstari umepita katikati yake. Katapila zikishuka bondeni, utakwenda kuteka maji karanga zinakoota."

Akageuka akaitazama ramani kule barazani. Nawaambieni kweli, nilifurahi. Lakini furaha yangu haikumaliza hata robo saa. Akakaa chini pale pale sakafuni, akafikiri, akasimama, akaniambia, "Mwambie mke wa mzungu hivi. Nitamtengenezea maji haya. Majani yataishi na samaki wataishi. Mumewe aukunje mstari."

Nikatafsiri huku natabasamu, nikijua atafukuzwa mbio. Bwana Mistari alikuwa amerudi kula. Akacheka, akamtazama mkewe mwenye macho mekundu, akachukua ramani. Akafuta kidogo, akachora, mstari ukazunguka bonde. "Mwambie," akasema, "samaki wa mke wangu wakiwa hai, mstari utakaa hivi. Wakifa, naunyosha." Kisha akanionyesha alichoshika mkononi, nami nikamwonyesha huyu ili asije akajidanganya. Ilikuwa penseli. Wino haujapita hapo.

"Penseli inatosha," akasema binti Kaimu. Basi lambo hili, mnaloliona hapa, likaning'inia kwenye tangi la kioo lenye urefu wa mkono mmoja.

Kazi yake aliijua, hilo sitamnyima. Kwanza alimwaga kila kitu changu. Udongo wangu akautupia kwenye kabichi. Akaleta mchanga wa mtoni, akauosha mara saba mpaka maji yakatoka meupe, tena jikoni kwangu, kwenye sufuria zangu. Tangi akalitoa dirishani, akaliweka pembeni, mwanga unafika lakini jua haliingii. "Jua kali huotesha ukoga," akasema. Matete akayatupa: "Haya yanataka vichwa viwe nje, unamfungia twiga bandani?" Yungiyungi nalo akalikataa, ua lake zuri lote lile. Memsahibu alisikitika. Huyu akaniambia nitafsiri: "Yungiyungi ni mke mkubwa. Litatandaza majani juu, wa chini wote watakosa mwanga, watakufa mmoja mmoja, na yeye atakaa anang'aa."

Akachagua mawili tu. Moja ni yale majani marefu kama utepe, yanayoota mchangani na kusimama wima, mizizi yake haitaki makuu. La pili ni lile lisilo na mzizi, laini kama mkia wa kicheche, linaloelea katikati ya maji na kunywa uchafu wa samaki. Alikuwa na majina yake ya Kimwera, mimi nayaita hivyo. "Huyu anakula chini, huyu anakula katikati," akasema, "hawagombei sahani moja." Memsahibu akataka atie na perege mmoja, mkubwa kidogo, apendezeshe. Huyu akagoma. "Perege ni mbuzi. Mtie leo, kesho bustani yote iko tumboni mwake."

Na siku tisa hakuna samaki aliyeingia. Maji na majani tu. Bwana Mistari akiuliza, namtafsiria: anasema wenyeji wazoeane kwanza, wageni waje baadaye. Siku ya kumi akaingiza samaki sita. Wakaishi.

Basi kila Alhamisi alikuja. Anatoa debe moja la maji ya zamani, anatia debe moja jipya la kutoka hapa. Na lile la zamani mnadhani alilimwaga? Thubutu! Maji yasiyonywewa hurudi. Alilibeba kichwani, saa nzima, akalirudisha lamboni. Mimi nilisimama mlangoni nikimwangalia. Barabarani magari ya maji yanamwagilia vumbi, mapipa kwa mapipa, na yeye anapita ubavuni na kidebe kimoja cha maji ya samaki, shingo imesimama, kafunika tawi la majani mabichi juu ya maji yasimwagike. Nilimwita mwehu, na hakugeuka.

Tulitukanana kila Alhamisi, mwaka mzima. Mtu asidhani ulikuwa utani, hatukuwa watani. Alisema supu yangu inanuka masizi. Nilisema ndiyo maana hajaolewa mara ya pili. Akasema mume wa kwanza alikufa mapema kwa sababu alionja upishi kama wangu. Siku moja tu, moja katika zote, alinikuta nasugua masufuria, akasimama akatazama, akasema, "Mdomo wako mchafu, Kipriani, lakini mikono yako safi." Kisha akaona aibu, akatukana viatu vyangu.

Mwaka wa hamsini, katikati ya kiangazi, akaja mgeni wa Memsahibu kwa ndege. Kamletea zawadi kwenye chupa ya jamu: jani fulani dogo la kuelea, majani mawili mawili ya mviringo, juu yana vinyweleo kama masikio ya panya. Likatiwa kwenye tangi. Lilipendeza kweli. Maji yalikuwa hayalilowanishi, yanateleza juu yake.

Alhamisi binti Kaimu akaliona. "Limetoka wapi hili?"

"Ng'ambo," nikasema.

"Huko kwao linaliwa na nani?"

Nikamwuliza Memsahibu. Memsahibu hajui. Mgeni naye hajui. Huyu akainama akahesabu majani kwa kidole, yalikuwa kumi na moja. Alhamisi ya pili akahesabu tena, yamepita arobaini. Akageuka rangi. "Halina adabu," akasema. "Kila jani lina anayelipunguza, samaki, konokono, bata, ukame. Hili halina hata mmoja. Mwambie alitie jikoni liungue." Memsahibu akakataa katakata, ndilo alilolipenda kuliko yote. Akamwambia: shauri yako majani ya chini, shauri yangu ya juu. Na Bwana Mistari yuko pale barazani na penseli yake. Huyu angefanya nini? 

Akanigeukia mimi. "Wewe una kile kitambaa chembamba cha kuchujia maziwa. Kuanzia leo mimi sitachota maji ya zamani, utachota wewe. Utayachuja kwa kitambaa kabla hayajaingia kwenye debe langu. Jani hata moja lisitoke nyumba hii. Umenisikia? Hata moja."

Nikachuja. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka mvua zikakaribia. Kila Alhamisi nilikung'uta kitambaa kwenye moto wa jiko, majani yale yakawa yanalia chwi chwi, kisha nakianika kwenye msumari mlangoni. Kazi niliifanya sawasawa. Mikono yangu ni safi, kama alivyosema.

Sasa ikaja karamu. Wageni wanane, na nyuma jikoni wapishi wenzangu watatu wamekuja kunisaidia, na wapagazi, na nyapara, jumla watu kama kumi na watano. Huyu akapita na debe lake jipya, na nyapara akamwuliza ilikuwaje mwanamke wa Chiola akapata kazi ya kulisha samaki wa wazungu. Naye akawasimulia! Samadi yote, na kabichi, na jua la dirishani, na jinsi nilivyodanganya kwamba anaomba kufua. Aliigiza na sauti yangu. Watu walicheka mpaka mmoja akavunja sahani. Jioni ile ile nikaitwa Bwana Samadi. Kesho yake kambi nzima. Haikuisha wiki, watoto wa sokoni wakaniimbia. Mimi, niliyepikia mapadri! Niliungua moyo. Usiku sikulala, na jina lile hata leo kuna mtu hapa anatabasamu, namwona, basi na atabasamu.

Alhamisi iliyofuata akaja kama kawaida. Sikumwangalia usoni. Nikachota maji ya zamani kwa kopo, nikayatia kwenye debe lake, moja kwa moja. Kitambaa kilikuwa kwenye msumari, hatua mbili. Sikukishika.

Naomba mnielewe vizuri. Sikulitia jani ndani ya debe kwa mkono wangu. Niliona matatu yameingia na kopo, matatu madogo, yanazunguka juu ya maji. Nikayaangalia. Nikachukua lile tawi lake bichi, nikalifunika juu yake.

Akauliza, "Umechuja?"

Nikasema, "Nimechuja."

Akajitwika debe akaenda.

Wiki ile mvua zikaanza. Mnayajua yaliyofuata, hiyo ndiyo nusu mnayoijua. Karanga zikashindwa, wazungu wakafunga virago, Bwana Mistari akaondoka na ramani yake, mstari haujaguswa, na katapila hazikushuka bondeni kamwe. Tangi likapasuka likipakiwa kwenye lori. Huyu alishinda, jamani! Alizishinda katapila kwa mikono miwili na majani mawili. Na wakati anashinda, matatu yale yalikuwa hapa chini yanazaana.

Kiangazi cha mwaka wa hamsini na moja lambo lilikuwa zulia. Mbuzi wa watu walilikanyaga wakidhani nyasi, wakazama wawili. Chini yake maji meusi, yananuka mayai. Yungiyungi limekufa, majani ya utepe yamekufa, vyura hawapo. Mkawa mnakwenda mtoni njia ya Ruangwa, kutoka alfajiri mpaka jua la saa nne kwa debe moja.

Mkakaa kikao, hapa hapa. Nilikuwepo, nilikuja kuomba maji ya mgahawa, nikakaa kule nyuma. Bi Mwamini, kwa umri wako, wewe ndiye uliyeuliza. Uliuliza, "Jani hili limeletwa na nani?"

Akasema, "Mimi."

"Kwa debe la nani?"

"Langu."

Ukamwuliza, "Hukuyachuja?" Hapo akaninyanyulia macho. Aliniona, msidhani hakuniona. Alinitazama muda wa mtu kumeza mate mara mbili, akaningoja. Na mimi, mwanaume mzima, nikaangalia viatu vyangu.

Akasema, "Aliyebeba ndiye anayejibu."

Mkamnyang'anya kata. Mkampa Sikuzani, binti wa mama yake mdogo, huyo hapo kaishika. Mkamwita mchawi wa maji, wengine wenu. Wengine mlitema mate akipita. Mkasema asichote tena mpaka wote wawe wamechota, na hata leo anachota wa mwisho, kwenye matope yenu. Na kila asubuhi anaingia ndani kabla yenu anang'oa, ndiyo maana mnapata hata hiyo pembe iliyo wazi mnayochota. Mlidhani inajisafisha?

Miaka sita nimemchukia. Nilimchukia kwa Bwana Samadi, kisha nikamchukia zaidi kwa lile jicho la kikaoni. Kwa nini hakunitaja? Angenitaja, mngenipiga, mngenifukuza, ningerudi Mnero nimelipa. Badala yake ameniacha na mikono yangu safi nikaange maandazi.

Juzi nikashindwa. Nikaja alfajiri, nikamkuta peke yake, maji kiunoni, rundo la majani ukingoni linamfikia kifua. Amezeeka. Nikasimama pale, nikamwambia, "Binti Kaimu, siku ile sikuchuja."

Hakuacha kung'oa. Akasema, "Najua."

"Umejua lini?"

"Siku ile ile," akasema. "Kitambaa kilikuwa msumarini, kikavu. Nilikiona wakati najitwika. Nikasema moyoni, Kipriani ana mdomo mchafu lakini kazi yake haibi. Nikakuamini wewe, nikayaacha macho yangu. Basi kosa la nani?"

Nikamwambia la kwangu, la kwangu mimi! Nilipiga kelele. Akaniambia nisiwaamshe ndege wa watu, na kama sina la kufanya nisogee, nakanyaga majani yanarudi majini.

Ndilo lililonileta leo. Sikumletea msamaha, hajaniomba na mimi sijamwomba. Bado namwona ana kiburi, bado supu yangu hainuki masizi. Lakini ninyi mmemnyang'anya kata kwa ajili ya kitambaa changu. Hiki hapa. Nimekitunza. Shika, Bi Mwamini, pitisha, kila mmoja akione.

Sikuzani mwanangu, hiyo kata mpelekee mwenyewe. Usinitazame mimi, mpelekee. Na ninyi mnaotaka mtu wa kuchota mwisho, mmempata, ni mimi.

Binti Kaimu! Nasema na wewe, acha kujifanya kiziwi. Viatu nimevua. Sogea kule kwenye kina, mimi nianzie huku kwenye matete.